Kilomita Mia Tano na Ishirini za Kwenye Karatasi

Asilimia sita.

Recheli aliitazama namba ile kwenye skrini kwa hasira, kana kwamba hasira ingeiongeza. Haikuongezeka. Ilipepesa mara moja, ikawa tano.

Mbele yake, umbali wa kilomita moja na nusu, gari jeupe lilikuwa likiteleza juu ya lami kuelekea Urambo. Bila moshi. Bila mlio. Bila wasiwasi.

Sorvik E6, toleo la mwaka 2024.

Gari alilokalia yeye lilikuwa Sorvik E6 vilevile, la kijivu. Toleo la mwaka 2022.

Alibonyeza kidude cha sikioni.

"Mnara, huyu ni Nane."

"Sema, Nane."

"Nimepita Usoke. Nimebakiwa na asilimia tano."

Kule Dodoma, Erasmus, mkuu wake wa operesheni katika Kitengo cha usalama, alikuwa anafunua karatasi. Recheli alizisikia zikichakarika.

"Haiwezekani. Kipeperushi cha gari lako kinasema kilomita mia tano na ishirini kwa chaji moja. Tangu Manyoni umetembea ngapi?"

"Mia tatu thelathini na tatu."

"Basi una mia moja themanini na saba mkononi."

"Mkuu, gari halijakisoma hicho kipeperushi."

"Nane, la Morland ni mia nne hamsini na tano. Ataishiwa yeye kwanza. Mpango haubadiliki. Mfuate."

Mawasiliano yakakatika.

Recheli aliupiga usukani kwa kiganja. Mara moja tu, lakini kwa nguvu.

Mzungu aliyekuwa ndani ya gari jeupe alijiita Morland. Hati zake zilisema ni mtafiti, anachora ramani ya njia ya zamani ya misafara kutoka pwani hadi Ujiji, ili watalii waje kuitembea. Alikuwa na barua za kila ofisi. Kule Tabora alipiga picha Kwihara, akanywa kahawa na wazee wa Gongoni, akauliza maswali ya adabu kwa Kiswahili safi.

Ila kamera yake iliipenda reli kuliko njia ya misafara.

Mtu wa kwanza kuliona hilo alikuwa Silasi, fundi wa genge la kutengeneza reli pale Tura. Alimpigia Recheli simu. Recheli akaipeleka taarifa Dodoma. Dodoma ikajibu neno moja.

Subiri.

Siku ya nne bomu lilirarua reli kilomita mbili kutoka stesheni ya Tura. Treni ya mizigo ilinusurika. Silasi, aliyekuwa akikagua njia kwa miguu, hakunusurika.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Tangu hapo Recheli hakuwa amelala usingizi wa kueleweka, na neno "subiri" lilikuwa limeanza kumuuma kama jino bovu.

Sasa kila kitu kilijulikana, isipokuwa kitu kimoja. Waliomtuma Morland walikuwa nje, watu waliotaka mizigo ya nchi jirani iihame reli hii na bandari yake. Kwenye buti ya gari lake kulikuwa na sanduku la alumini lenye viwashio ishirini vya mabomu. Baruti yenyewe ilishaingia nchini. Nani anayo? Kitengo hakikujua. Ndiyo maana amri ilikuwa fupi: mfuate mpaka amkabidhi mwenzake, usimguse kabla.

Recheli aliomba Land Cruiser. Erasmus akakataa. Land Cruiser ina mlio, Morland ataisikia. Kifaa cha kumfuatilia nacho hakikuwezekana, kwa sababu Morland alilikagua gari lake kila asubuhi kwa kipimo cha kunasa mawimbi ya redio, kuanzia boneti hadi bampa ya nyuma. Kisha Erasmus akaupata mpango wake, na akaupenda mno. Alilinganisha vipeperushi viwili vya gari lilelile. Mwaka 2022, mia tano na ishirini. Mwaka 2024, mia nne hamsini na tano.

"Unamzidi kilomita sitini na tano," alimwambia usiku uliotangulia. "Atazimikiwa porini, kabla ya Nguruka. Atamwita mwenzake. Vijana wangu kumi na wawili watakuwa wanawasubiri, na wewe utafika nyuma yake ukiwa na akiba."

Ilisikika vizuri. Kwenye karatasi.

Asilimia mbili.

Alizima kiyoyozi. Alipunguza mwendo hadi hamsini. Gari jeupe likapungua, likawa nukta, kisha likawa mvuke wa joto juu ya lami.

Asilimia moja.

Skrini ikaandika sentensi ndefu nyekundu ambayo hakuisoma. Usukani ukawa mzito. Sorvik E6 ya mwaka 2022 ikajisukuma hadi pembeni ya barabara, ikasimama kwa heshima zote.

Kilomita mia tatu arobaini na moja.

Saa tano kasoro dakika kumi, asubuhi ya Julai, vumbi na upepo mkavu. Pande zote mbili za barabara, miombo. Recheli alitoka, akalipiga gurudumu teke, akajiumiza kidole, akatukana kwa Kinyamwezi neno ambalo mama yake, mzee wa kanisa la Moravian pale Usoke, asingelisamehe.

Kisha akapiga simu Tabora mjini.

Majidi alikuwa fundi wa umeme wa magari, karakana yake iko mtaa wa Ng'ambo. Kwa miaka sita alikuwa akitengeneza magari ya Kitengo bila kuuliza ya nani.

"Asalaam aleikum, kaka Majidi."

"Waaleikum salaam, dada Recheli. Mbona unahema hivyo?"

"Sorvik imenizimikia. Ya 2022. Imeandikwa mia tano na ishirini, imekufa mia tatu arobaini na moja. Ninayemfuata ana ya 2024, imeandikwa mia nne hamsini na tano, na bado anakwenda. Nieleze. Haraka."

Majidi alicheka. Recheli alitamani kumkaba kupitia simu.

"Dada, hayo ni magari mawili au moja?"

"Mawili! Si nimekwambia, miaka tofauti?"

"Ni moja. Betri ileile, mota ileile. Nimezifungua zote mbili kwa mikono yangu. Kilichobadilika ni mtihani."

"Mtihani gani?"

"Hiyo namba haipimwi barabarani. Gari linafungwa ndani ya chumba, matairi juu ya magurudumu ya mashine, linakimbia bila kwenda popote. Mtihani wa zamani ulikuwa wa huruma. Mwendo wa polepole, kiyoyozi kimezimwa, matairi membamba. Hapo likapata mia tano na ishirini. Baadaye wakabadilisha. Mwendo mkali zaidi, muda mrefu zaidi, gari linapimwa na rimu kubwa na mizigo yake. Likapata mia nne hamsini na tano. Gari halijadhoofika. Limesahihishwa na mwalimu mkali."

Recheli alifumba macho.

"Kwa hiyo sikumzidi hata kilomita moja."

"Yeye ndiye anakuzidi. Hilo la 2024 waliligusa kidogo, wakaifungulia betri sehemu ya akiba waliyokuwa wameibana. Na betri yako imezeeka miaka mitatu. Umekwenda kwa mwendo gani?"

"Mia na kumi. Wote wawili."

"Na kiyoyozi?"

"Kimewaka tangu Itigi."

"Basi yeye atafika mia tatu sitini, sitini na tano. Hafiki mia nne hata akisukumwa."

Recheli alipiga hesabu kichwani. Manyoni hadi Urambo, mia tatu hamsini na tano. Kaliua, kilomita thelathini zaidi. Morland asingeiona Kaliua. Wala Nguruka. Vijana kumi na wawili walikuwa wamelala kwenye nyasi wakimsubiri mtu ambaye asingefika.

"Kaka, sikiliza. Akichaji Urambo, anapata kiasi gani?"

"Inategemea. Umeme wa njia tatu, kama wa mashine za kusaga, kwa kichajio chake anapata kilomita hamsini kwa saa. Soketi ya kawaida ya ukutani, kilomita kumi kwa saa. Kumi na moja akiwa na bahati. Na asiiamini skrini yake. Hizo Sorvik zinapiga hesabu kwa namba ya mtihani, si kwa namna unavyoendesha."

"Mungu akubariki."

"Amina. Nije na breki dauni nilivute?"

Alishakata simu.

"Mnara, huyu ni Nane. Morland anasimama Urambo. Narudia, Urambo. Walete vijana."

"Umepata wapi hilo?"

Alimweleza. Kwa sentensi sita, bila kupumua. Mtihani wa zamani, mtihani mpya, gari lilelile.

"Nane," Erasmus alisema polepole, "unataka nihamishe kikosi zaidi ya kilomita mia moja kwa maneno ya fundi wa Ng'ambo? Mimi nina karatasi ya kiwanda hapa."

"Karatasi hizo mbili zinapingana, mkuu! Gari ni moja!"

"Karatasi ya mwaka mpya ndiyo sahihi. Mia nne hamsini na tano."

"Ni sahihi zaidi. Si sahihi."

"Subiri maelekezo."

Neno lenyewe hilo.

Recheli alikivua kidude cha sikioni, akakitia mfukoni. Alichukua bastola yake, Glock 19, chini ya kiti, pingu jozi mbili, na khanga ya mama yake iliyokuwa siti ya nyuma. Akasimama katikati ya barabara, mikono juu.

Dakika ishirini. Basi moja lilimpita likipiga honi. Pikipiki mbili zilikuwa zimejaa. Ilipofika saa tano na robo, Fuso lililosheheni marobota ya tumbaku likafunga breki mita mbili kutoka magotini mwake.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka." Dereva, mwanamume wa makamo mwenye rozari iliyoning'inia kwenye kioo, aliliangalia gari la kijivu. "Limeisha mafuta?"

"Limeisha umeme."

"Ee!" Alilitazama tena, kama mtu anayetazama maiti ya jirani. "Panda. Mimi ni Ambrosi."

Fuso lilikwenda kilomita thelathini kwa saa. Kwenye kilima lilikwenda kumi na tano. Recheli alizihesabu nguzo za umeme ili asipige kelele.

"Baba Ambrosi, pale Urambo umeme wa njia tatu uko wapi?"

"Kwenye ghala la tumbaku. Ila leo ni soko, pamejaa maaskari."

"Kwingine?"

"Kwenye mashine ya mama Marcelina, njia ya kutokea kwenda Kaliua. Mama wa Ulyankulu yule. Anasaga mahindi wilaya nzima."

Morland asingekwenda kwenye maaskari.

"Nipeleke kwa mama Marcelina. Na nina ombi jingine, ila ni la hatari."

Ambrosi aliuona ukingo wa Glock chini ya khanga.

"Unawafuata wale waliomuua kijana wa Tura?" aliuliza taratibu. Kumbe habari zilishafika kila mahali.

"Ndio hao."

"Sema ombi lako."

Mashine ilisikika kabla ya kuonekana. Banda la bati, vumbi jeupe la unga likitoka madirishani, wanawake zaidi ya kumi kwenye foleni na ndoo zao. Kando ya banda, kwenye kivuli, Sorvik nyeupe. Waya mweusi ulitoka kwenye gari, ukapita dirishani, ukaingia ndani.

Morland alikuwa amesimama kando yake, akitazama saa yake ya Garmin. Shati lake lilikuwa limelowa. Kwa mara ya kwanza tangu Manyoni, alionekana kama mtu.

Recheli alijitanda khanga kichwani, akaokota ndoo tupu, akaingia kwa mlango wa nyuma. Marcelina alikuwa kwenye mdomo wa mashine, mweupe wa unga kuanzia nyusi hadi viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Foleni iko nje, binti."

Recheli alimsogelea sikioni, akamwonyesha kitambulisho ndani ya kiganja. Marcelina hakuacha kumimina mahindi.

"Nilijua tu," alisema. "Mzungu ana sanduku, hataki hata kuliweka chini. Alitaka nizime mashine nimpe njia tatu. Nikamwambia, hawa mama wamekaa tangu asubuhi, wewe subiri zamu yako. Akaning'ang'ania. Nikampa soketi ya taa."

Recheli alimwangalia. Angeweza kumkumbatia pale pale.

"Soketi ya taa? Tangu saa ngapi?"

"Saa tano na dakika tano hivi."

Sasa ilikuwa saa sita na dakika tano. Saa moja. Kilomita kumi.

Nje, Toyota Hilux ilifunga breki. Recheli alichungulia kwenye tundu la bati. Akashuka mwanamume mnene mwenye fulana ya kuakisi mwanga. Recheli alimfahamu. Nchi nzima ya reli ilimfahamu. Sixbert, mkandarasi wa kokoto, mtu aliyepita kila mita ya njia kuanzia Tura hadi Kaliua na malori yake bila kuulizwa na mlinzi yeyote. Chini ya kokoto unaweza kuficha chochote.

Baruti, kwa mfano.

Kwenye maziko ya Silasi, Sixbert alitoa rambirambi mbele ya watu wote.

Recheli alipiga picha tatu kwa kamera ya kwenye kishikizo cha blauzi. Sixbert na Morland. Sanduku mkononi mwa Morland. Sanduku mkononi mwa Sixbert.

Imetosha.

"Mama, waambie wanawake walale chini."

Marcelina alivuta swichi. Mashine ikafa. Katika kimya kile cha ghafla sauti yake ilijaa uwanja mzima.

"Chini! Wote chini!"

Ndoo zilianguka. Recheli alitoka mlangoni, Glock mbele, khanga ikadondoka.

"Sixbert! Weka sanduku!"

Sixbert hakuweka. Alikimbia kwa wepesi ambao mwili wake haukuuahidi, akajitupa ndani ya Hilux ambayo injini yake haikuzimwa, akakanyaga mafuta kuelekea njia ya kutokea.

Njia ya kutokea haikuwepo.

Fuso la Ambrosi lilikuwa limeikalia yote, ubavu kwa ubavu, marobota juu kama ukuta. Ambrosi mwenyewe alisharukia mtaroni. Hilux ilijaribu kukata kona, ikateleza kwenye vumbi, ikajibamiza kwenye tairi la nyuma la lori. Robota moja likaanguka juu ya boneti. Kisha la pili.

Recheli alifika Sixbert akiwa bado anatapatapa na mkanda. Alimtoa kwa kola, akamlaza kifudifudi, akamfunga pingu.

"Silasi alikuwa na watoto watatu," alimwambia. Hakusema zaidi. Aliogopa angesema zaidi.

Sanduku lilikuwa sakafuni mwa Hilux. Zima.

Nyuma yake ukasikika mnong'ono wa matairi.

Morland alikuwa amechomoa waya. Sorvik nyeupe ililizunguka banda, ikapenya katikati ya migomba, ikapanda lami upande wa pili. Recheli alimlenga. Nyuma ya gari, wanawake wawili walikuwa wameinuka kukimbia. Akashusha mkono.

Gari likapotea kuelekea Kaliua, mwendo wa kuua.

"Anakimbia!" Ambrosi alipiga kelele. "Mwanangu, anakimbia!"

"Mwache."

"Mwache?"

Recheli alipachika kidude sikioni. Sauti ya Erasmus ilikuwa katikati ya sentensi.

"—mara ya tatu nakuita, Nane! Uko wapi?"

"Urambo. Mpokeaji nimemkamata. Sixbert wa kokoto. Sanduku ninalo, picha ninazo. Kagua malori yake yote, leo hii."

Karatasi zilichakarika tena kule Dodoma.

"Na Morland?"

"Anaelekea kwa vijana wako."

"Vizuri! Vijana wako tayari. Si nilikwambia?"

Recheli alikata.

Aliwakabidhi Ambrosi na Marcelina ulinzi wa Sixbert, ingawa hakuhitaji ulinzi mwingi. Wanawake wa foleni walishamzunguka, na mmoja wao alikuwa ameketi juu ya miguu yake. Kisha Recheli akaazima pikipiki ya fundi wa mashine, Boxer nyekundu isiyo na kioo cha pembeni, akaiwasha.

Hakukimbiza. Sabini, themanini. Alipiga hesabu njiani. Kilomita kumi za saa moja ya soketi ya taa. Labda mbili zilizokuwa zimebaki. Toa kwa mtu anayekanyaga mia na thelathini kwa hofu. Tisa.

Alimkuta kilomita ya nane na nusu.

Sorvik ilikuwa pembeni ya barabara, taa za hatari zikipepesa kwa unyonge. Morland alikuwa nje, mikono kiunoni, akiikodolea macho skrini kupitia dirishani kama mtu aliyetapeliwa sokoni. Mfukoni hakuwa na silaha. Mguuni alikuwa na Beretta ndogo. Recheli aliichomoa yeye mwenyewe.

"Iliandika kilomita ishirini na nne," Morland alisema. Sauti yake ilikuwa ya malalamiko ya kweli. "Ishirini na nne! Nilipotoka pale!"

"Najua."

"Na kiwandani walisema..."

"Mikono nyuma."

Pingu zikalia. Morland aliendelea kulalamika juu ya kiwanda, juu ya namba, juu ya mwanamke wa mashine aliyekataa kumpa umeme. Recheli alimsikiliza hadi mwisho. Alishangaa kwamba, kati ya mambo yote ya asubuhi ile, hilo la namba za kiwanda ndilo pekee ambalo yeye na mtu huyu wangeweza kukubaliana juu yake. Lilimchukiza.

"Silasi alikuona ukipiga picha reli," alisema. "Alisema unaonekana mtu mwenye haraka."

Morland aliacha kuitazama skrini.

Land Cruiser ya polisi wa Urambo ilifika baada ya dakika kumi. Marcelina ndiye aliyewapigia. Koplo mmoja alipiga saluti, akampakia Morland nyuma, akamfungulia Recheli mlango wa mbele.

Sikioni, Mnara uliita.

"Nane, ni saa saba sasa. Morland hajaonekana hata Kaliua. Tuendelee kusubiri?"

Recheli aliutazama mlango uliofunguliwa. Akatazama barabara nyeupe kwa jua, iliyonyooka kuelekea magharibi.

"Endeleeni," alisema.

Alikivua kidude, akamkabidhi koplo pamoja na kamera ya kishikizo na Beretta kama ushahidi, akafunga mlango wa gari kwa upole. Akapanda Boxer, akaipiga teke moja, akageuza kuelekea Tura. Kulikuwa na mjane pale aliyestahili kuambiwa ana kwa ana, kabla karatasi yoyote haijaandikwa.

Kwenye sheli ya Urambo alijaza tangi petroli hadi mdomoni.